Watoto Wamekua, Likizo Twende Wapi?

Watoto wanapokuwa wadogo, likizo haina mjadala. Unawafungia nguo zao kwenye begi moja, unawapeleka kwa bibi yao, wanakimbizana na mbuzi mwezi mzima na kurudi wamenenepa. Lakini wakishavuka miaka kumi na miwili, akina mama wenzetu mnajua, mambo hugeuka. Mmoja anataka kubaki nyumbani na simu yake. Mwingine anasema kijijini hakuna rika lake. Mzazi naye anahesabu miaka iliyobaki kabla hawajatawanyika, na hesabu hiyo haimpi usingizi.

Kwetu Dodoma hesabu hiyo ilitufikia Juni ya mwaka 2025. Binti yetu mkubwa alikuwa amemaliza kidato cha nne Novemba iliyotangulia, na sasa alikuwa akingoja kwenda kidato cha tano, shule ya bweni, mkoa wa mbali. Mdogo wake wa kiume, wa kidato cha pili, alikuwa katika ule umri wa kujibu kwa neno moja. Kitindamimba wetu alikuwa darasa la sita. Na Bibi yao, mama mzaa baba, alikuwa amekuja kutoka Tabora kupimwa presha na macho. Umri wake ni miaka themanini na miwili. Tukiangalia watu hao wanne mezani tuliona wazi kwamba kama kuna likizo ya kwenda mahali wote pamoja, ni hiyo, na haikuwa na hakika ya kuja tena.

Tuliwaweka watoto chini tukawapa bajeti. Hatukuwaambia "tutawapeleka mahali pazuri". Tuliwaambia fedha zilizopo, siku zilizopo, na kwamba Bibi yumo, kisha kila mmoja alete pendekezo lake Jumapili baada ya ibada, akiwa ameuliza nauli, malazi na chakula. Njia hii tunawapendekezea wenye watoto wakubwa. Kijana akishajua kwamba kilo ya samaki na kitanda cha usiku mmoja vinatoka katika mfuko uleule, malalamiko hupungua, na yeye mwenyewe huanza kukata matumizi kwa ukali ambao mzazi hangethubutu.

Binti alitaka Lushoto. Alikuwa na hoja nzuri. Ukitoka Mombo unapanda kilomita thelathini na kitu za kona hadi mji uliojengwa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kuna nyumba za wageni za kanisa zenye bei ya wastani, kuna matunda damu na siagi na mkate wa ngano, na kuna genge la Irente ambako unasimama na kuona nyika ya Mombo na Mazinde imelala chini kama mkeka. Kwa vijana wenye miguu mizuri hatujui mahali pazuri zaidi kwa fedha kidogo. Lakini Juni na Julai ni kipupwe, na baridi ya Usambara si ya kuchezea. Isitoshe uzuri wa Lushoto hupatikana kwa kutembea kilimani, na magoti ya Bibi yalikwisha kukataa hata ngazi za kanisani kwetu.

Kitindamimba alitaka wanyama wa Mikumi. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Mbeya inapita katikati yake, kwa hiyo hata abiria wa basi huona twiga na swala bila kulipa kiingilio. Kiingilio chenyewe kwa raia si kikubwa. Kinachokula fedha ni gari la kuingilia ndani. Tena, kwa maoni yetu, mbuga ni ya siku moja au mbili. Siku ya tatu vijana wanasinzia garini na simba anapita.

Kijana alitaka Unguja, na hakuficha kwamba ni kwa ajili ya kuogelea. Sisi wazazi tulivutwa na Mkunazini, pale soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873 na jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo. Tuliwahi kufika huko na kikundi cha akina mama wa kanisa, na sanamu za watu waliofungwa minyororo, zilizowekwa hapo mwaka 1998, hazijatutoka kichwani. Lakini boti ya watu sita kwenda na kurudi, pamoja na malazi ya kisiwani, ilimaliza bajeti kabla hatujala.

Bibi alikuwa akisikiliza huku akichambua mchele. Akasema, "Mimi Bagamoyo sijafika. Babu yangu alifika."

Tulijua habari hiyo kwa juu juu tu. Babu yake, kama vijana wengi wa Kinyamwezi wa zamani, alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi pwani kabla ya reli, na kwa malipo hayo alioa. Watoto walikuwa hawajawahi kuisikia. Kijana akainua macho kutoka kwenye simu. "Alitembea, Bibi? Kutoka Tabora?" Bibi akamjibu, "Alitembea, mume wangu. Wewe kwenda dukani unataka bodaboda."

Hapo mjadala ulikwisha. Bagamoyo ina bahari kwa kijana, ina historia kwa binti, ni tambarare kwa magoti ya Bibi, na iko kilomita sabini hivi kaskazini ya Dar es Salaam. Kitindamimba aliahidiwa treni.

Treni yenyewe ni sehemu ya safari. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya umeme ya SGR inatembea kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na njia yake haiachani sana na njia ya misafara ya kale. Tulipita Gulwe, jirani na Mpwapwa, ambako misafara ilikuwa ikipumzika na kupata maji na chakula baada ya nyika au kabla ya kuikabili. Kisha yakaja mahandaki ya upande wa Kilosa, na kitindamimba akawa anayahesabu kwa sauti hadi abiria wa mbele akacheka. Safari ambayo babu wa Bibi aliitembea kwa muda wa miezi sisi tulimaliza sehemu yetu kabla chai ya chupa haijapoa vizuri. Bibi hakulala hata kidogo. Aliangalia dirishani na kusema mara kwa mara, "Na mzigo begani."

Kutoka Dar es Salaam tulichukua basi dogo. Ushauri wetu kwa wenye wazee: msiunganishe siku moja bila kupumzika. Miguu ya mzee ikining'inia saa nyingi huvimba, na mwenye presha asikatishe dawa zake kwa kisingizio cha kuogopa kwenda chooni njiani. Tulilala Dar usiku mmoja kwa ndugu, tukaondoka asubuhi kukiwa na ubaridi.

Bagamoyo ni mji wa taratibu. Mtaa wa zamani una nyumba za mawe zenye milango ya kuchongwa, nyingine zimetengenezwa vizuri na nyingine zimeota miti kwenye kuta. Boma la Wajerumani lipo, limekumbwa na miaka. Hadi mwaka 1891 hapa ndipo palikuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani, kisha wakahamia Dar es Salaam kwa sababu bandari ya kule ina kina, na Bagamoyo ikabaki na majahazi yake. Asubuhi ufukweni, pale soko la samaki, wanawake wanakaanga samaki kwenye makarai makubwa na moshi unakwenda na upepo wa kusi. Tulikula hapo kila siku kwa bei ya mama ntilie. Bibi alipenda samaki wa chumvi kuliko wabichi, na kwa sababu zinazojulikana tulimpimia.

Tuseme pia yasiyopendeza. Anayetaka maji ya buluu kama ya kwenye kalenda aende Unguja. Mto Ruvu unamwaga maji yake baharini karibu na hapa, na bahari ya Bagamoyo ni ya rangi ya udongo. Maji yakitoka, yanatoka mbali, unabaki na matope na kaa. Kijana wetu alinuna siku ya kwanza. Siku ya pili mvuvi mmoja alimwonyesha saa za maji kujaa na kupwa, na tangu hapo yeye ndiye aliyetupangia ratiba ya siku nzima kufuatana na bahari, jambo ambalo hakuna ratiba ya nyumbani iliyowahi kulifanikisha. Mji wenyewe wakazi wake wengi ni Waislamu, watu wa heshima sana. Mabinti zetu walijifunga kanga juu ya nguo za kuogea walipotoka majini, na salamu zikawafungulia milango mingi.

Na jambo la mbu. Dodoma yetu ni kavu na malaria ni chache, kwa hiyo watoto wa huko wakienda Pwani baada ya masika kinga yao ni ndogo. Tulibeba vyandarua vyetu wenyewe, na tulikuwa tumeulizia kituo cha afya kilicho karibu kabla hata ya kuulizia samaki. Homa yoyote ndani ya majuma ya kwanza baada ya kurudi ipimwe, isinyweshewe dawa kwa kubahatisha. Wauguzi wenzetu watafurahi kujua kwamba Bagamoyo ni mojawapo ya mahali ambapo watoto wa Kitanzania walishiriki katika majaribio ya chanjo mbili za malaria, RTS,S na R21. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ya kwanza mwaka 2021 na ya pili mwaka 2023. Tuliwaeleza vijana hayo tukiwa katika makaburi ya misheni, na hapo yalieleweka zaidi kuliko ambavyo yangeeleweka darasani.

Misheni hiyo ni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika mwaka 1868. Unaingia kwa njia yenye miti mirefu ya miembe, na utulivu wake unakufanya upunguze sauti. Sisi si Wakatoliki, lakini tulipokewa kama wa nyumbani. Kuna mbuyu mkubwa uliopandwa wakati huo wa mwanzo, na kipande cha mnyororo kinachotokeza kwenye shina lake. Inasimuliwa kwamba mama mmoja wa Kifaransa alifunga punda wake hapo, mnyororo ukasahauliwa, na mti ukaumeza. Kitindamimba alirudi kuutazama mara tatu.

Kwenye makaburi, binti yetu ndiye aliyeanza kupiga hesabu za miaka. "Mama, huyu alikuwa na miaka mingapi? Na huyu?" Wengi walikufa wangali vijana, baadhi baada ya muda mfupi tu tangu washuke melini. Hawakujua kwamba ugonjwa unaletwa na mbu, maana hilo lilithibitishwa mwaka 1897. Binti yetu anataka kusomea udaktari. Alisimama pale muda mrefu kuliko sisi.

Karibu na hapo umesimama mnara wa kanisa la kwanza. Februari mwaka 1874 mwili wa David Livingstone ulilazwa humo kabla ya kuvushwa kwenda Unguja na hatimaye Uingereza. Alikuwa amefariki mwaka uliotangulia huko Chitambo, katika Zambia ya leo, na Chuma, Susi, Jacob Wainwright na wenzao wakaubeba kwa miezi mingi hadi pwani, wakipitia Tabora. Bibi aliposikia Tabora alikaa sawasawa kwenye kiti. Kwihara, alikokaa Livingstone, anakufahamu. Aliuliza majina ya wabebaji wengine wote. Mwongozaji, kijana mwenye adabu, akasema ni wengi, na wengi wao hawajulikani sana.

Ndani ya makumbusho, katika nyumba iliyokuwa ya masista, kuna picha za wamisionari, vyombo vyao, na pingu na minyororo ya watumwa. Mapadre walikuwa wakiwakomboa watumwa kwa kuwanunua, kisha wakawajengea kijiji cha uhuru katika eneo la misheni, ambako walioana, walilima na kufundishwa kazi za mikono. Binti akauliza kama kuwanunua hakukuwaongezea wafanyabiashara soko. Mwongozaji alikiri kwamba swali hilo linaulizwa mara nyingi. Hatukuona haja ya kumnyamazisha. Mtoto anayeuliza hivyo mbele ya wakubwa wake bado anatutaka tuzungumze naye.

Bibi hakuwa akisikiliza hayo. Alikuwa amezunguka chumba chote kwa mkongojo wake, akarudi na kuuliza, "Baba, wapagazi wako wapi?"

Mwongozaji akaeleza maana ya jina la mji, jinsi wengine wanavyosema ni kilio cha mtumwa anayebwaga moyo wake kwa sababu haoni tena kwao, na wengine wanasema ni furaha ya mpagazi anayebwaga mzigo na kutuliza moyo kwa sababu amefika. Bibi akashikilia la pili. Babu yake hakuwa mtumwa. Aliondoka kwao kwa hiari, aliahidiwa ujira wa nguo, na katika siku zile kijana wa Kinyamwezi ambaye hakuwahi kuiona pwani wasichana walimcheka. Alisema hayo kwa sauti ya kutosha hata wageni wengine wakageuka.

Kijana wetu, yule wa neno moja, akamuuliza, "Bibi, katika msafara wa Babu kulikuwa na watumwa?"

Baba yake akataka kumkemea, tukamgusa mkono. Misafara mingi ilibeba pembe kwa wapagazi wa kulipwa, na mara nyingine watu waliofungwa walitembea katika njia ileile, hata msafara uleule. Historia hiyo ipo vitabuni na vijana wameisoma. Bibi alikaa kimya. Kisha akasema, "Aliwaona. Alikuwa hapendi kusimulia sehemu hiyo. Alikuwa akifika hapo anaomba ugoro."

Hakusema zaidi siku hiyo. Jioni, upepo ukiwa umepungua, kijana alimbebea kiti hadi karibu na maji, na wakakaa huko wawili mpaka giza likaingia. Sisi tulibaki mbali. Tunachojua ni kwamba usiku ule simu yake ilikuwa ikirekodi, na kesho yake alikuwa na majina ya vizazi vitano vya ukoo wa Bibi ambayo hata baba yake alikuwa na matatu tu.

Siku ya nne tulikwenda Jengo la Karavanserai, ambako misafara ilipokewa. Ni ua mpana uliozungukwa na vyumba, na hakuna mengi ya kuona kwa mtu asiye na msafara wake mwenyewe. Bibi alikaa katikati ya ua nusu saa. Tulikwenda pia magofu ya Kaole, kilomita chache kusini, kwenye msikiti wa kale wa matumbawe na makaburi yenye nguzo, ulioanza karne ya 13, mamia ya miaka kabla ya misheni na Wajerumani. Huko ndiko vijana walikojifunza kwamba pwani yetu haikuanza na mzungu. Mahali hapo hapana kivuli cha kutosha, nendeni asubuhi na mbebe maji.

Kwa wanaofikiria safari kama hii: siku nne zinatosha. Ulizeni nyumba za wageni za misheni na za watu binafsi kabla ya kuondoka, maana bei hubadilika, na mwisho wa juma watu wa Dar hujaa. Taasisi ya sanaa, TaSUBa, iko hapo hapo mjini, na vijana wapenda ngoma waulize kama kuna onyesho. Mwenye fedha zaidi anaweza kuunganisha na Saadani, hifadhi ya taifa inayopakana na bahari. Sisi hatukuwa nazo.

Binti alikwenda shuleni Julai, na sanduku lake lilikuwa zito kuliko lilivyoruhusiwa. Kijana ameandika historia ya babu wa Bibi katika daftari la somo la historia, kurasa tisa, na mwalimu amemrudishia na alama nyekundu za tahajia tu. Kitindamimba bado anadai Mikumi.

Bibi alirudi Tabora na chupa ya lita moja ya maji ya bahari aliyoichota mwenyewe, gauni likiwa limelowa hadi magotini. Tulimsihi asiyanywe kama dawa, tukimkumbusha presha yake na chumvi iliyomo. Akasema hana mpango huo. Ameiweka kabatini, na kila mwanakwaya mwenzake anayemtembelea anaonjeshwa tone moja kwenye ncha ya kidole.